Akiba Haiozi, Lakini Noti Huoza

Funzo la Juba kwa mfuko wa mfanyakazi

Ndugu mfanyakazi, chama chako hupigania mshahara wako kwenye meza ya majadiliano na mwajiri. Mshahara huo huo hupiganiwa tena mahali pa pili, ambapo hakuna mwakilishi, hakuna mkataba, wala hakuna shahidi. Mahali hapo ni dukani. Nyongeza iliyochukua miezi mingi ya mazungumzo yaweza kumezwa katika wiki moja na viatu vilivyoachia soli, tochi iliyokataa kuwaka na sufuria iliyotoboka kitako. Makala haya yanazungumzia uwanja huo wa pili. Mfano tunaoutumia ni wa mji wa Juba, Sudan Kusini, kwa sababu huko ndugu zetu wamefundishwa somo hili kwa ukali kuliko sisi.

LEMON GABA NA BARABARA YA NIMULE

Lemon Gaba ni mtaa mmojawapo wa Juba. Jina lake ni la Kiarabu cha Juba, na Mswahili hana haja ya mkalimani mkubwa kulielewa: ni malimau na msitu. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 mji wa Juba ulipanuka kwa kasi, na mahali palipokuwa pori pakawa nyumba. Wanaoishi katika mitaa ya namna hii ni watu wa kipato kidogo: vibarua, walinzi, wapishi, mafundi, madereva, wauza maji, watumishi wa serikali. Humo mna wenyeji, na mna pia wageni kutoka Uganda, Kenya na kwingineko, waliofuata kazi.

Mfanyakazi wa Juba hununua karibu kila kitu. Wengi wao hununua hata maji, yanayoletwa kwa magari na kumwagwa kwenye mapipa. Wakienda Konyo Konyo, Custom au soko la Jebel, watakuta shehena iliyopita mpaka wa Nimule kutoka Uganda: unga, sabuni, mabati, mafuta, ndoo, betri. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilifunguliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, na hata baada yake kila usalama ulipoharibika, gharama ya safari iliongezwa juu ya bei ya kila kijiko cha sukari.

Kisha ikaja habari ya fedha. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na mwezi huo huo ikatoa pauni yake. Kwa miaka minne bei ya dola iliwekwa na serikali karibu pauni 3. Mwezi Desemba 2015 pauni iliachiwa ijitafutie bei yake, na kwa siku moja dola ikaruka hadi zaidi ya pauni 18. Mwezi Oktoba 2016 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 katika muda wa mwaka mmoja. Maana yake ni nyepesi: kapu lililonunuliwa kwa pauni 100 sasa lilidai zaidi ya pauni 900. Mwezi Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya nchi hiyo kwenda bandarini kupitia Sudan liliharibika katikati ya vita. Mapato ya serikali yakaanguka, watumishi wakakaa miezi mingi bila mshahara, na dola ikaja kudai pauni elfu kadhaa.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walisema kweli, maana akiba yao ilikuwa mtama ghalani na mbuzi zizini. Noti huoza. Mfanyakazi wa Lemon Gaba aliyeweka noti chini ya godoro mwaka 2015 alikuta mwaka uliofuata noti zote zipo, idadi ni ile ile, lakini thamani imekwisha. Kwa mtu kama huyo kitu imara ni akiba: bati lisilopata kutu, jembe lisilopinda, chombo kinachofanya kazi miaka 10. Akinunua kitu hafifu, amepoteza mara mbili. Noti imekwenda, na kile kilichopaswa kuwa akiba kimeharibika.

HESABU YA VIATU

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kila mtu aubadilishe kwa fedha ya kwao. Jozi moja ya viatu yauzwa 600 nayo hudumu miezi 3. Jozi ya pili yauzwa 1,500 nayo hudumu miezi 15. Macho husema ya kwanza ni rahisi. Karatasi na kalamu husema vingine. Ya kwanza inagharimu 200 kwa mwezi, ya pili 100. Baada ya miezi 15, mnunuzi wa rahisi amenunua jozi 5 na kutoa 3,000. Mwenzake ametoa 1,500, na hakupoteza nauli ya kwenda sokoni mara tano.

Hapo mfanyakazi atajibu, tena kwa haki: “Najua hayo, lakini siku ya kununua sina hiyo 1,500.” Hili ndilo fumbo la umaskini, na si la ujinga. Mwenye fedha hununua mara moja na kupumzika. Asiye nazo hulipa zaidi kwa sababu hanazo. Dawa ya fumbo hili haimo katika mfuko wa mtu mmoja, na tutarudi kwayo hapa chini.

Kabla ya hapo, neno moja. Ikiwa viatu hivyo ni buti za kazini, basi usikimbilie dukani kabla ya kumwuliza mwakilishi wako. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga pale kazi inapovihitaji. Mfanyakazi anayejinunulia buti hafifu za kunyunyizia dawa shambani amelipa deni lisilo lake.

JINSI UNAVYOPUNJWA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa hafifu hutufuata majumbani, kwenye vituo vya mabasi na kwenye lango la kiwanda siku ya mshahara. Yafaa tuzijue njia zake.

Ya kwanza ni wembamba. Chukua bati la kuezekea. Unene wake hutajwa kwa geji, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Asiyejua hudhani namba kubwa ndiyo bora. Wapo pia wanaopiga mhuri wa geji 30 juu ya bati lililo jembamba zaidi. Huhitaji maabara: inua mabati mawili ya urefu mmoja kutoka maduka mawili, au yaweke kwenye mizani. Lililo jepesi lina chuma pungufu.

Ya pili ni kubadilisha malighafi. Waya wa umeme unaopaswa kuwa wa shaba huletwa wa alumini iliyopakwa shaba nje. Kwangua ncha yake kwa kisu: rangi ya fedha ikitokea ndani, umepata jibu. Waya wa namna hiyo wenye unene ule ule hupata moto kwa mzigo ambao shaba ingeubeba, na nyumba za mbao na nyasi hazina subira na moto.

Ya tatu ni kuiga jina. Herufi moja hubadilishwa, rangi ya pakiti hubaki ile ile. Simu zilituonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia karibu milioni 1.9, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo tarehe 16 Juni 2016. Aliyeumia siku hiyo alikuwa mnunuzi. Muuzaji alikwisha kula faida yake.

Ya nne ni kipimo. Katika masoko ya Juba mtama hupimwa kwa malwa, kopo linalobeba kiasi cha kilo 3.5. Sisi tuna kibaba, kisado na debe. Kopo lililobonyezwa kitako hupunguza kiganja kizima bila mnunuzi kuona. Na hata kopo likiwa zima, anayenunua kikombe kimoja kimoja hulipia kilo yake zaidi kuliko anayenunua gunia. Bandu bandu huisha gogo, na sukari ya mafundo madogo huumaliza mshahara kwa njia hiyo hiyo.

RAHISI INAYOUA

Katika chakula, ubovu hauishii kwenye hasara ya fedha. Mwaka 2004 wilayani Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2023 Sudan Kusini ikazuia malori ya nafaka yaliyotoka Uganda.

Kwa hiyo tunaposema nunua gunia badala ya kikombe, tunaongeza: nunua gunia kavu. Ingiza mkono mpaka katikati, maana juu huwekwa nafaka nzuri. Tazama rangi, nusa harufu ya uvundo, tafuna punje. Punje kavu huvunjika kwa mlio. Yenye maji hutafunika kama ubani. Nyumbani gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, lisiguse sakafu. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, wala wasipewe kuku.

NUNUA KIDOGO

Njia ya kwanza ya kuepuka kitu kibovu ni kutokukinunua kabisa. Siku ya mshahara ni siku ya hatari. Muuzaji anajua tarehe yako kama unavyoijua wewe. Kwa hiyo kila nyumba ijiwekee desturi, nasi twapendekeza hizi.

Orodha iandikwe nyumbani kabla ya mshahara kutoka, baba na mama wakiwa pamoja, kisha isibadilishwe sokoni. Kitu kisicho cha chakula wala dawa kisubiri siku 7. Ikiwa baada ya siku hizo bado unakihitaji, kitafute. Mara nyingi haja itakuwa imepita yenyewe. Jiulize pia kama jirani anacho. Nyumba 10 za mstari mmoja kambini hazihitaji misumeno 10 wala ngazi 10.

Kisha kuna fundi. Kabla ya kutupa, uliza fundi. Mshona viatu, mtengeneza majiko, fundi redio na fundi cherehani huongeza miaka kwa kitu ambacho muuzaji angependa ukitupe leo. Watu wetu walikata matairi yaliyochoka wakashona akala, ambazo Tanzania huitwa katambuga, na hakuna kiatu cha dukani cha bei hiyo kilichozishinda kwa kudumu shambani. Shirika la Kazi Duniani lilituma wataalamu Kenya mwaka 1972, nao wakaandika kwamba mafundi hawa wadogo ni sehemu ya kweli ya uchumi, wanaotoa kazi na bidhaa kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo, ukinunua kitu, nunua kile ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua. Kilichogandishwa kwa gundi pande zote hakina dawa kikiharibika.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni aibu. Tunanunua vingi kwa sababu ya macho ya watu: simu mpya wakati ya zamani inasikika, makochi ya mkopo katika chumba kimoja, sare za harusi zinazovaliwa siku moja. Mkopo wa kitu hafifu ni mzigo wa ajabu kuliko yote, kwani kitu hufa na deni hubaki hai.

JE, TUKINUNUA KIDOGO, VIWANDA VITAFUNGWA?

Mfanyakazi wa kiwanda ana haki ya kuuliza hivi. Akisema watu wasinunue, si anajikatia tawi alilokalia?

Jibu linapatikana Juba. Mwaka 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia mjini humo. Wateja hawakukosekana. Hata hivyo mwaka 2016 kiwanda kilisimamisha kazi kwa kukosa fedha za kigeni za kuagizia mahitaji yake, na wafanyakazi wakapoteza ajira. Dola za nchi zikiwa chache, kila mzigo wa takataka unaoagizwa kutoka nje hugombea dola zile zile zinazohitajika kwa vipuri, dawa na malighafi. Kandambili zinazokatika baada ya wiki mbili hazimlipi mfanyakazi wa kwetu chochote, ila mwagizaji.

Sudan Kusini iliwahi kufuma nguo yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba iliyolimwa na Wazande ilisokotwa na kufumwa katika kiwanda cha Nzara, karibu na Yambio. Kiwanda hicho kina historia ya uchungu pia: mwezi Julai 1955 wafanyakazi kwa mamia waliachishwa kazi, na walipoandamana walipigwa risasi, baadhi wakafa. Wafanyakazi wa nguo wa Afrika Mashariki wana kumbukumbu zao, kuanzia Urafiki ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1968 hadi Rivatex ya Eldoret ya mwaka 1976. Viwanda vyetu vingi vya nguo vilidhoofika kwa mitambo mibovu, uongozi mbaya, magendo, na mafuriko ya mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba pole pole. Rwanda ilipopandisha ushuru wake hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ikaiondolea mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru.

Hatumlaumu mama anayenunua shati la mtumba lililoshonwa vizuri badala ya jipya linalochanika kwapani. Anapiga hesabu ile ile ya viatu. Lakini pale penye kitenge, kanga, sabuni, jembe au sufuria iliyotengenezwa hapa kwetu, nayo ni imara, fedha hiyo humrudia mfanyakazi mwenzako. Nasi tulio viwandani tuna wajibu upande wetu. Tusikubali kuamrishwa kupunguza uzi, kuchanganya vumbi katika unga, au kufunga gramu 900 katika pakiti iliyoandikwa kilo moja. Anayenunua pakiti hiyo ni ndugu yako wa shamba la mkonge.

UMOJA DUKANI

Sasa turudi kwa yule asiye na 1,500. Watu wa Juba wana chombo waitacho sanduk. Tanzania huitwa upatu. Kenya watu huingia chama. Wafanyakazi 10 wakitoa 150 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi jozi moja imara hununuliwa, na katika miezi 10 wote wamevaa. Ile 150 ni ndogo kuliko ile 200 ya kila mwezi ambayo viatu hafifu vilikuwa vikiwanyonya.

Wa kumi ataogopa, na katika mji wa bei zinazoruka ana sababu. Hivyo mchango usihesabiwe kwa noti. Uhesabiwe kwa bidhaa: kila mtu hutoa sehemu ya kumi ya bei ya viatu ya mwezi huo. Fedha zikikusanywa zisilale. Kununua kufanyike siku hiyo hiyo, mbele ya watu watatu. Wenye shida kubwa watangulie. Na tawi likiweza kununua jozi 10 kwa pamoja, muuzaji atapunguza bei, tena atachelea kuwapa kitu kibovu watu 10 watakaorudi pamoja.

Tawi linaweza kufanya zaidi. Liwe na mizani yake na kopo lake halali. Lijue alama za ubora: ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, ya Shirika la Viwango Kenya, lililoanzishwa mwaka 1974, na za mashirika ya Uganda na Sudan Kusini. Alama yaweza kughushiwa, kwa hiyo risiti idaiwe na ihifadhiwe. Malalamiko ya mtu mmoja hutupwa; barua ya tawi yenye risiti 20 husomwa.

Na wafanyakazi wa mashamba wakumbuke jambo moja. Duka la kampuni lililo peke yake katikati ya shamba huweza kuwa mtego. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, wasema mwajiri asimzuie mfanyakazi kutumia mshahara wake apendavyo, wala asimlazimishe kununua katika duka lake. Na palipo hakuna duka jingine, bei ziwe za haki. Ikiwa daftari la duka linakula nusu ya mshahara kabla haujafika mkononi, hilo ni suala la mkutano wa tawi.

UBANIFU SI BADALA YA MSHAHARA

Mwisho, tuwe macho. Wapo waajiri watakaoyasoma makala haya kwa furaha, na kesho waseme kwamba mfanyakazi hana shida ya mshahara, ana shida ya matumizi. Waambiwe hivi: hakuna hesabu ya viatu inayoweza kumvisha mtu ambaye hakulipwa. Mtumishi wa Juba aliyekaa miezi bila mshahara hakuhitaji somo la kubana matumizi; alihitaji mshahara wake. Ubanifu huzuia wizi wa dukani. Chama huzuia wizi wa kazini. Mfanyakazi anavihitaji vyote viwili.

Tena mfanyakazi asiye na deni dukani ni mfanyakazi mgumu kutishwa. Mwenye gunia la nafaka kavu ndani, viatu imara miguuni na paa lisilovuja anaweza kukaa kwenye meza ya majadiliano wiki moja zaidi. Mwajiri anajua jambo hilo. Basi nasi tulijue.

Katika mkutano ujao wa tawi lako, weka mambo matatu kwenye ajenda: mizani na kopo la tawi, upatu wa bidhaa imara, na orodha ya bidhaa hafifu ambazo wanachama wamepunjwa nazo mwaka huu. Umoja ni nguvu langoni mwa kiwanda. Uwe nguvu sokoni pia.